Kipimio cha Betri na Waya Mweusi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo kidogo ambacho siku hizi kimeenea mahali pengi penye umeme wa jua, nacho ni kipimio cha betri. Ni kioo kidogo chenye tarakimu, kimwambiacho mwenye nyumba kwamba betri yake imejaa kwa kiasi gani katika 100. Watu hukiamini kama waaminivyo saa ya ukutani. Nasi hatusemi kwamba hakistahili kuaminiwa; lakini kuna jambo moja katika kukifunga ambalo aghalabu halitazamwi, yaani mahali nyaya zake ziliposhikishwa upande wa waya mweusi. Jambo hili likikosewa, kipimio hakizimiki wala hakitoi alama yo yote ya hatari. Huendelea kusema kila siku, na kusema uwongo.

Tuanze na habari ya zahanati moja ya kijijini ambako tulipata kuitwa wakati wa masika. Zahanati ile ilikuwa na paneli juu ya bati, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200, taa kadhaa, na jokofu dogo la kuwekea chanjo. Usiku mmoja mkunga alikuwa akimhudumia mama aliyeshikwa na uchungu, mara taa zote zikazimika pamoja. Mtoto alizaliwa kwa mwanga wa tochi, na twashukuru kwamba yeye na mama yake walitoka salama. Lakini kabla ya alfajiri jokofu nalo likanyamaza, na siku ya pili ilikuwa ya mawingu tupu. Chanjo sharti zikae katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Zile zilipata joto, ikawa hazifai tena kupigwa mtoto wa mtu. Tulipofika, mwuguzi mkuu hakutuonyesha betri wala jokofu. Alitupeleka mbele ya kipimio, akakinyoshea kidole, asiseme neno. Kilikuwa kimeandika 100.

Fundi wa kwanza aliyeitwa kabla yetu alikuwa amehukumu kwamba betri ni mbovu. Hukumu hiyo ni rahisi kuitoa, na kwa mwenye betri ni ghali kuitii. Sisi tulipochunguza tuliona kwamba betri ilikuwa nzima, na kipimio kilikuwa kizima pia. Kilichokosewa ni waya mmoja mweusi wenye urefu wa mkono.

Ili kufahamu jambo hili, yafaa kwanza tujue kwamba kipimio cha namna hii hakitazami ndani ya betri. Hakiwezi. Kazi yake ni ya karani aliyeketi mlangoni pa ghala la karafuu, mwenye daftari mkononi: gunia likiingia huandika moja, likitoka hufuta moja, na jioni ukimwuliza mna magunia mangapi ndani, hukujibu kwa hesabu ya daftari, si kwa kuyaona magunia yenyewe. Karani huyo aweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini ikiwa ghala lina mlango wa nyuma asioujua, na magunia yanatoka huko usiku na mchana, daftari lake litasema ghala limejaa hata siku panya watakapokuwa wakicheza sakafuni.

Sasa kipimio huhesabuje umeme, nao haushikiki wala hauonekani? Georg Simon Ohm, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1827 kwamba mkondo wa umeme upitapo katika kitu chenye ukinzani, hutokea tofauti ya volti baina ya mwanzo na mwisho wa kitu kile. Na mkondo ukiongezeka maradufu, tofauti ile nayo huongezeka maradufu. Basi mafundi huchukua kipande kifupi cha madini chenye ukinzani unaojulikana, wakakiita shanti, wakakiweka katika njia ya umeme ili mkondo wote upite humo. Kipimio hutoa nyaya mbili nyembamba kwenda kugusa ncha mbili za kipande hicho, husoma tofauti ya volti, nacho hupata hesabu ya ampea. Ampea hizo akizizidisha kwa saa zilizopita, apata ampea-saa zilizoingia au kutoka. Huo ndio ujuzi wote wa karani wetu.

Shanti iliyo ya kawaida katika majumba ya sola ina maandishi haya juu yake: ampea 500, milivolti 50. Maana yake ni kwamba ampea 500 zikipita, tofauti ya volti itakuwa milivolti 50, yaani sehemu 50 katika elfu moja ya volti moja. Ukigawanya utaona kwamba ukinzani wake ni sehemu moja tu katika elfu kumi ya omu moja. Twamwomba msikilizaji auweke udogo huu akilini, kwani matata yote yatatoka humo. Katika zahanati, ambapo mkondo ni ampea 20 tu au chini yake, kipimio husoma milivolti 2 au pungufu. Ni kama mtu atakaye kupima mteremko wa maji katika mfereji wa mlimani kwa vijiti viwili: mteremko wenyewe ni unene wa ukucha, na kijiti kimoja kikichomekwa hatua mbili mbali zaidi, hesabu yote hupotea.

Shanti huwekwa upande wa waya mweusi, yaani upande hasi. Sababu ni kwamba upande huo ndio ambao vyombo huuhesabu kuwa sifuri, nao huitwa na mafundi ethi, hata pale ambapo hakuna waya uliozikwa katika udongo. Ni rahisi kwa chombo chenye nguvu kidogo kupima tofauti ndogo iliyo karibu na sifuri kuliko kuipima juu ya volti 12 au 48. Lakini urahisi huo una hila yake. Watu wamezoea kufikiri kwamba waya mweusi ni mweusi mahali pote, na kwamba ukiufunga hapa au pale ni mamoja. Waya mwekundu huheshimiwa. Huwekewa fyuzi na swichi, na kila mtu huuogopa. Waya mweusi hufungwa popote palipo na bolti. Kwa taa na redio hilo halina madhara makubwa. Kwa kipimio, mahali ulipofungwa ndiko kila kitu.

Turudi zahanati. Waya mnene mweusi ulitoka kichwa hasi cha betri ukaingia upande wa kwanza wa shanti. Na upande wa pili wa shanti ndipo zilipofungwa nyaya nyeusi za taa na za chaja ya paneli. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi. Lakini jokofu lililetwa miezi kadhaa baadaye, na aliyelifunga, kwa kuona bolti ya kichwa cha betri i wazi na karibu, aliufunga waya wake mweusi papo hapo. Basi umeme wa jokofu ulirudi katika betri bila ya kupita katika shanti. Huo ndio mlango wa nyuma.

Hesabu yake haina fumbo. Jokofu lile lilivuta ampea 4 lilipokuwa likifanya kazi, nalo lilifanya kazi kiasi cha nusu ya siku. Yaani ampea-saa 48 kwa siku, ambazo ni karibu robo ya betri nzima, nazo hazikuandikwa po pote. Wakati wa kiangazi hakuna aliyegundua, kwa sababu jua lilijaza betri kila siku na kuyafunika makosa. Masika yalipokuja, paneli zilileta kiasi cha ampea-saa 20 kwa siku, na taa zikatumia 10. Kipimio kiliona 20 zikiingia na 10 zikitoka, kikaridhika kwamba betri imejaa na inazidi kujaa. Kumbe betri ilikuwa ikipoteza 38 kila siku. Katika siku ya tano ilikuwa imebakiwa na ampea-saa 10 hivi, chombo cha kulinda betri kikakata taa, na tarakimu zikabaki pale pale kwenye 100. Kipimio kile kilikuwa pia na ukurasa wa volti, nao ungalisema kweli. Lakini hakuna aliyekuwa ameambiwa autazame. Katika jambo hili twawalaumu wafungaji kuliko wauguzi.

Hiyo ni namna ya kwanza ya kosa, nayo ni kubwa na ya wazi. Iko namna ya pili iliyo na siri zaidi, ambapo umeme wote hupita katika shanti kama ipasavyo, lakini nyaya mbili nyembamba za kipimio hazikugusa pale zilipopasa kugusa.

Kijana mmoja fundi alituletea kipimio akisema kimeharibika, kwa maana kilionyesha ampea 30 ilhali mita yake ya mkononi ilionyesha 20. Tulimwuliza waya mwembamba mweusi ameufunga wapi. Akajibu, kwenye kichwa hasi cha betri, kwani si waya mweusi ule ule? Baina ya kichwa cha betri na shanti palikuwa na kipande cha waya mnene, wa milimita za mraba 35, urefu wake sentimita 10 tu. Waya wa unene huo mtu huudhani hauna ukinzani hata kidogo. Lakini shaba yenye unene wa milimita za mraba 35 ina ukinzani wa karibu nusu ya miliomu kwa kila mita. Basi sentimita 10 zina sehemu 5 katika laki moja ya omu, yaani nusu kamili ya ukinzani wa shanti yenyewe. Kipimio cha kijana hakikuwa kikisoma shanti, bali shanti na nusu. Ampea 20 zikawa 30. Hapakuwa na ubovu wo wote.

Kijana huyu alikuwa mwerevu, maana kabla ya kutujia alikuwa amegundua dawa yake mwenyewe. Aliingia katika mipangilio ya kipimio akakidanganya kwamba shanti yake ina ukinzani mkubwa zaidi kwa nusu, na ampea 30 zikashuka zikawa 20. Asubuhi hesabu ilipatana. Mchana ikapotoka tena, ndipo akakata tamaa. Kwa nini? Kwa sababu shanti njema hutengenezwa kwa manganini, mchanganyiko wa shaba na manganizi na nikeli kidogo, ambao Edward Weston aliuvumbua katika karne ya kumi na tisa kwa ajili ya vyombo vya kupimia. Sifa yake ni kwamba joto likipanda ukinzani wake karibu haubadiliki. Shaba tupu si hivyo. Kila nyuzi moja ya joto huongeza ukinzani wa shaba kwa karibu sehemu 4 katika elfu. Waya mweusi ukipanda joto kwa nyuzi 40, kama iwavyo katika kibanda cha bati wakati wa adhuhuri huku betri ikichajiwa kwa nguvu, kile kipande cha sentimita 10 peke yake kiliweza kuipotosha hesabu ya kijana kwa 5 katika 100. Na hapo hatujaitaja bolti, ambayo ikilegea au ikiingiwa na kutu ya kijani yaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko shanti. Kosa la mahali halitibiwi kwa tarakimu, kwa sababu mahali pale penyewe hapatulii.

Dawa ya kweli ilijulikana kabla ya vipimio hivi kuzaliwa. William Thomson, ambaye baadaye alipewa daraja la Lord Kelvin, alikuwa akishughulika katika miaka ya 1860 na taabu ya kupima ukinzani mdogo sana, akaona kwamba nyaya zichukuazo mkondo na nyaya zichukuazo habari ya volti zisishirikiane hata kidogo. Mkondo upite njia yake, na habari ipite njia yake. Na nyaya za habari ziguse kipande chenyewe kinachopimwa, si waya unaokifikia. Hata leo mafundi huita mpango huo kwa jina la Kelvin. Ndiyo maana shanti ina bolti mbili kubwa nje na skrubu mbili ndogo ndani. Zile ndogo si mapambo wala si za akiba. Ni zenyewe tu zifaazo kwa nyaya za kipimio, na waya mwingine wo wote usizichangie.

Huenda msikilizaji akasema, mimi sina sola, habari hizi hazinihusu. Lakini simu iliyo mfukoni mwake ina karani wa namna hii hii, isipokuwa ghala lake ni dogo mno. Katika ubao wa saketi wa vyombo kama hivyo huwekwa rezista yenye miliomu 10 hivi, na njia za umeme ni utando wa shaba ambao unene wake wa kawaida ni mikromita 35. Utando huo, ukikatwa mraba, uwe mraba mdogo au mkubwa, una ukinzani wa karibu nusu ya miliomu kutoka upande hata upande. Mchoraji wa ubao akiishika njia ya kipimio mbali na rezista kwa miraba mitatu, amekwisha ongeza miliomu moja na nusu, na hesabu yake imekosea kwa 15 katika 100. Kwa macho ni umbali wa punje ya mchele. Kwa sababu hii wachoraji wazuri huzitoa njia mbili za kipimio kwenye kingo za ndani za sahani mbili ambazo rezista imelehemiwa, huziongoza sambamba, na hawaziunganishi na kitu kingine njiani.

Tena, katika vyombo hivi vidogo kipimio hupima na volti za betri, na ethi yake yenyewe sharti ijulikane iko wapi. Ikishikishwa upande wa mbali wa rezista, mkondo mkubwa ukipita ethi hiyo huinuka juu ya upande hasi wa kweli. Tuseme njia nzima, rezista pamoja na shaba, ina miliomu 15, na mkondo ni ampea 2: ethi imeinuka kwa milivolti 30, na betri itaonekana imepungukiwa volti kwa kiasi hicho hicho. Kwa betri za lithiamu zenye fosfati ya chuma hilo si jambo dogo, kwa sababu volti zake hukaa karibu pale pale katika sehemu kubwa ya mwendo wake. Milivolti 30 zaweza kuwa tofauti ya betri iliyojaa zaidi ya nusu na iliyo chini ya nusu. Basi desturi njema ni kuishika ethi ya kipimio upande wa rezista ulioelekea betri, na kukutanisha ethi ya vitu vidogo na njia ya mkondo mkubwa mahali pamoja tu.

Na kosa dogo lisidharauliwe kwa udogo wake, maana karani huyu hujumlisha. Mikrovolti 10 za uwongo juu ya rezista ya miliomu 10 ni miliampea 1. Kwa siku ni miliampea-saa 24. Kwa mwezi zapita 700. Juu ya shanti yetu ya zahanati mikrovolti zile zile 10 ni sehemu moja ya kumi ya ampea, na kwa siku ni zaidi ya ampea-saa 2, hata kama hakuna taa iliyowashwa.

Wenye magari nao wana sehemu yao. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kipimio kilichofungwa juu ya kichwa hasi cha betri. Ndiyo maana vitabu vya magari hayo huagiza kwamba anayechaji betri aubane mkono mweusi wa chaja penye chuma cha bodi palipowekwa kwa kazi hiyo, si juu ya kichwa cha betri. Asiyetii huijaza betri kwa mlango wa nyuma, na gari huendelea kuamini kwamba ina njaa.

Kuna njia ya kujaribu ambayo haihitaji chombo cho chote. Zima kila kitu, na paneli uzitenge. Kipimio kionyeshe sifuri au karibu yake. Kisha washa kitu kimoja peke yake, ukitazame kioo. Tarakimu zikisogea, kizime, uwashe kingine. Kitu kikiwaka na tarakimu zisisogee, fuata waya wake mweusi kwa mkono mpaka mwisho wake, nawe utaukuta umefungwa upande wa betri. Mwisho wa kazi, upande wa betri wa shanti usiwe na waya mwingine ila ule mnene uendao betrini, pamoja na waya mwembamba wa kipimio juu ya skrubu yake. Mwenye mita ya kubana waya aibane kwenye waya mnene wa betri, alinganishe. Zikitofautiana wakati kila kitu kinapita katika shanti, basi atazame skrubu ndogo.

Zahanatini tulifanya hivyo hivyo. Taa zilisogeza tarakimu. Jokofu lilinguruma na tarakimu zikabaki sifuri. Tuliuhamisha waya wake mweusi kwenda upande wa pili wa shanti, tukakaza bolti, tukangoja siku mbili za jua mpaka betri ikajaa kweli na kipimio kikaanza hesabu mpya kutoka 100. Siku ya tatu asubuhi mwuguzi mkuu alikuja kutuita kwa haraka, uso umemkunjamana. Alisema kipimio hakijapata kuonyesha chini ya 90 tangu kifungwe, na sasa kimeshuka mpaka 84 kwa usiku mmoja. Bila shaka tumekiharibu.